UZI: Skana umenunua, mafaili bado hayaonekani. Tuongee kuhusu masijala ya kompyuta kwa ofisi ndogo

#1 KaraniWaUpanga (mwanzisha uzi)

Wakuu, poleni na majukumu.

Swali linalorudi kila mara humu ni hili: "Nina ofisi ndogo, makabati yamejaa, nichukue skana gani?" Skana nitaigusa, msijali. Ila riziki yangu mimi ni kuhamisha majalada ya ofisi ndogo kwenda kwenye kompyuta: mawakili, wahasibu, mawakala wa bima, zahanati za mtaani hapa Dar. Nikiitwa mahali ambapo zoezi limekwama, skana huwa ipo na ni nzima kabisa. Fungua kompyuta ya mapokezi: folda inaitwa SCAN, ndani yake Scan0001, Scan0002, zinakwenda hadi elfu mbili na kitu. Pembeni yake kuna SCAN MPYA. Pembeni tena, SCAN MPYA YA BOSI USIFUTE. Humo mkataba wa pango wa mteja umelala kati ya risiti ya maji ya kunywa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa mfanyakazi. Kuupata ni kufungua moja moja. Kabatini angalau ulikuwa unatafuta kwa rangi ya jalada.

Msimamo wangu, na mje mnipinge: ofisi isiyo na masijala ikinunua skana, imenunua njia ya haraka zaidi ya kupoteza karatasi.

Waliopita serikalini wananielewa. Jalada lina namba. Kila karatasi inayoingia inapewa folio. Barua zina upande wake, madokezo yana upande wake. Anayelitaka jalada anaandikishwa, na likilala mezani kwake karani anapanda ngazi kulifuata. Tunaucheka urasimu ule, lakini barua ya miaka ya themanini ilikuwa inapatikana. Ofisi zetu binafsi nyingi hazijawahi kuwa na kitu hicho. Masijala yao ni dada mmoja wa mapokezi mwenye kumbukumbu kali. Akienda likizo ya uzazi, wote mnashika vichwa.

Kwa hiyo kabla ya kuwasha mashine yoyote, chukueni daftari. Andikeni aina zote za karatasi mnazopokea na kutoa. Kwa kila aina jibuni: nani anaileta, nani anaruhusiwa kuiona, inatakiwa ikae miaka mingapi, na ile halisi inarudi kwa mwenyewe au inabaki kwenu. Kazi hii inachosha, na ndiyo watu wanairuka wakakimbilia dukani.

Ukishamaliza hapo, jina la faili. Mimi natumia mtindo huu:

2023-04-12_MT0147_mkataba-pango.pdf

Mwaka, mwezi, siku, kwa mpangilio huo. Kompyuta inajipangia yenyewe kuanzia ya zamani hadi mpya bila wewe kufanya lolote. Ukianza na siku, tarehe 01 Januari ya mwaka huu itakaa bega kwa bega na 01 Januari ya 2017. Halafu namba ya mteja, siyo jina lake. Kwanza majina yetu yanaandikwa kila mtu anavyojua: Mohamed, Mohammed, Muhamed, Mohamedi, ukitafuta moja, matatu yanakukimbia. Pili, jina la faili linaonekana hata na mtu ambaye hana ruhusa ya kulifungua. "Juma_majibu-ya-vipimo.pdf" imeshasema ya kutosha kabla haijafunguliwa.

Na pawepo leja. Excel inatosha kabisa. Namba ya mteja, tarehe, aina ya waraka, idadi ya kurasa, aliyeskani, aliyehakiki, na mahali karatasi halisi ilipo: kabati B, rafu ya 3, boksi la 12. Safu hiyo ya mwisho wengi hawaiweki, halafu siku mahakama ikitaka halisi, ofisi nzima inapiga magoti sakafuni.

Nawasilisha. Mengine tutayajibu humu humu.

#2 mzee_wa_Buguruni

Mkuu umeandika vizuri ila umetuzungusha. Mimi nina duka la vipuri, karatasi zangu ni risiti, ankara na hati za mzigo. Simu yangu ina kamera kali. Skana ya nini?

#3 KaraniWaUpanga

Mzee wangu, kwa karatasi chache kwa siku, simu inatosha, sikudanganyi. Masharti machache tu. Weka karatasi juu ya meza yenye rangi ya giza, karibu na dirisha, taa ya simu izime ili isitoe mng'ao katikati. Tumia programu ya kuskani iliyomo ndani ya simu yenyewe au ya kampuni kubwa inayojulikana. Msisahau mwaka 2019 Kaspersky waligundua kirusi ndani ya CamScanner ya Android, programu iliyokuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni mia moja, hadi Google wakaiondoa kwenye duka lao kwa muda. Programu ya kuskani inaona kila karatasi unayoipa, kwa hiyo ichague kama unavyochagua mtu wa kumpa funguo za duka.

Na usiwatumie watu picha ya waraka kwa WhatsApp kama picha. Inabanwa, tarakimu ndogo zinakuwa ukungu. Tuma kama hati, kwenye ile alama ya kuambatisha, hapo inafika kama ilivyotoka.

Risiti zako za EFD (zile za mashine ya kodi), skani leo, siyo mwisho wa mwezi. Ile karatasi haina wino, ni joto ndilo linaloandika, na joto hilohilo ndilo linaloifuta. Iache kwenye dashibodi ya gari au ndani ya mfuko wa nailoni, baada ya muda unabaki na kikaratasi cheupe. Hakikisha namba ya uhakiki (verification code) na muda wa risiti vinasomeka kwenye picha yako, maana hivyo viwili ndivyo vinavyokuwezesha kuihakiki kwenye tovuti ya TRA, mamlaka ya mapato. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inakutaka utunze kumbukumbu miaka mitano. Risiti ya EFD peke yake haifiki huko.

#4 FundiPrinta

Naomba niingie hapa maana mashine ndiyo kazi yangu.

Dpi 300 (yaani nukta 300 kwa kila inchi) inatosha kwa karibu kila kitu cha ofisi. Ukurasa wa A4 hapo unakuwa na nukta 2480 kwa 3508. Watu wanaweka 600 wakidhani ndiyo ubora, halafu wanalalamika diski imejaa na kutuma barua pepe kunagoma. Mia sita weka kwa maandishi madogo sana au muhuri uliofifia. Ukurasa wa rangi kwa 300 kabla ya kubanwa ni kama megabaiti 26. Nyeusi na nyeupe tupu iliyobanwa vizuri inashuka hadi makumi ya kilobaiti. Lakini msiskani kila kitu nyeusi na nyeupe. Muhuri wa bluu na saini ya kalamu ya bluu vinataka rangi, la sivyo nakala yako inafanana na fotokopi ya fotokopi.

Skana gani? Kama karatasi ni nyingi, achana na ile ya kufunika kifuniko ukurasa mmoja mmoja. Tafuta inayovuta karatasi yenyewe na inayosoma pande zote mbili kwa mpigo mmoja. Kabla hujalipa muulize muuzaji kama rola zake zinapatikana hapa nchini. Rola ni mpira, unaisha. Ukiisha mashine inaanza kuvuta karatasi mbili kwa pamoja, na hutajua, kwa sababu haigomi. Ukurasa wa 7 unafuata wa 9 na mashine inakuambia imemaliza salama.

Halafu kuna hii, naletewa mashine kila wiki kwa ajili yake: mstari mrefu mweusi au wa kijivu unaoshuka kila ukurasa kutoka juu hadi chini. Watu wanasema skana imekufa. Haijafa. Fungua kifuniko, pembeni ya kioo kikubwa kuna kioo kingine chembamba kama rula. Karatasi zinazovutwa zinapita juu ya hicho. Tone dogo la gundi, au kichembe cha wino wa kufutia makosa, kikikaa hapo, kila ukurasa unaopita unachorwa mstari. Futa kwa kitambaa laini chenye spiriti kidogo. Dakika moja.

Na toeni pini za stepla, jamani. Pini moja inakwaruza kioo hicho, na mkwaruzo haufutiki kwa spiriti.

#5 Dada_Masijala

FundiPrinta asante kwa hilo la karatasi mbili. Kwetu Dodoma (nipo ofisi ya wahasibu) dawa yake ni penseli. Kabla jalada halijaenda kwenye mashine, karani anahesabu kurasa na kuandika idadi kwa penseli kwenye jalada. Baada ya kuskani, mtu mwingine, siyo yuleyule, anafungua PDF na kulinganisha. Zikitofautiana jalada linarudi. Inaudhi, lakini tumeshakamata mengi kwa njia hiyo.

Swali kwa wataalamu: kuna mtu aliniambia mashine ya fotokopi inaweza kubadilisha namba. Ni kweli au ni hadithi za vijiweni?

#6 FundiPrinta

Dada, ni kweli na imeandikwa. Mwaka 2013 Mjerumani mmoja anaitwa David Kriesel aliskani ramani ya nyumba kwa mashine ya Xerox WorkCentre. Ramani ilikuwa na vyumba vitatu: mita za mraba 14.13, 21.11 na 17.42. Kwenye nakala vyote vitatu vikawa 14.13. Tena imeandikwa safi kabisa, bila ukungu wala doa.

Sababu ilikuwa namna ya kubana inayoitwa JBIG2. Mashine inatafuta vipande vya picha vinavyofanana, inahifadhi kimoja na kukirudia kila mahali. Ikiona 6 na 8 zinafanana vya kutosha, inaweka moja badala ya nyingine. Xerox walitoa masahihisho ya programu. Kwa mhasibu kama wewe, kwenye mipangilio usichague ile ya faili dogo kuliko yote, na kwa karatasi zenye tarakimu nyingi hakiki jumla.

#7 TajiriMtarajiwa

Haya mambo yenu ya dpi na JBIG2 ni ya Ulaya. Huku umeme unakatika mara tatu kwa siku, bando linaisha, kompyuta ina virusi. Karatasi haihitaji umeme. Kabati langu halijawahi kukatika mtandao.

#8 KaraniWaUpanga

Mkuu, kabati lako halijakutana na mchwa bado. Wala bomba la ghorofa ya juu kupasuka usiku wa Jumamosi. Mimi nimeshafungua kabati la chuma, zuri tu la kufuli, majalada yamesimama yamejipanga kama yalivyowekwa, ukivuta moja linabaki gamba. Ndani mchwa wamekula njia mpaka kwenye uzi wa kufungia, wameacha udongo mwembamba unaofuata umbo la karatasi. Na unyevu wa Dar unaujua mwenyewe, karatasi zinashikana, muhuri unahamia ukurasa wa jirani.

Ila hoja yako ya umeme nakubaliana nayo na ndiyo maana sisemi tupa karatasi. Weka UPS (betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika) hata ndogo, kazi yake siyo kukupa saa nzima ya kufanya kazi, ni kukupa dakika za kuhifadhi na kuzima vizuri. Diski ikikatiwa umeme katikati ya kuandika ndipo faili linapoharibika. Na mfumo wa msingi ukae ndani ya ofisi, kwenye kompyuta au diski ya mtandao wa ndani, ili bando likiisha mteja asiambiwe "rudi kesho".

#9 WakiliMsomi_TZ

Habari zenu waungwana. Naona watu wameanza kuota kuchoma karatasi, kwa hiyo niseme mapema.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imezitambua kumbukumbu za kielektroniki, na kifungu cha 18 kinahusu kupokelewa kwake kama ushahidi. Haitakataliwa kwa sababu tu ni ya kielektroniki. Lakini uzito wake mahakama inaupima: kumbukumbu ilitengenezwaje, ilihifadhiwaje, uadilifu wake ulilindwaje. Hapo ndipo ile leja ya mwanzisha uzi inapogeuka kuwa na thamani. Shahidi wangu akipanda kizimbani akasema "niliiskani siku fulani, nikaihesabu, mwenzangu akaihakiki, haijaguswa tangu hapo, na hii hapa kumbukumbu", tunaongea lugha moja. Akisema "niliitoa kwenye flashi ya bosi", wakili wa upande wa pili anatabasamu.

Jambo dogo linalosaidia sana: kila waraka muhimu ukishaskaniwa, chukueni alama yake ya SHA-256 mkaiandike kwenye leja. Kwenye Windows ni amri moja, certutil -hashfile, jina la faili, SHA256. Inatoa mfululizo wa herufi na tarakimu 64. Mtu akibadilisha hata nukta moja ndani ya faili, mfululizo unabadilika wote.

Halisi za kutokutupa kabisa, hata kama mmeziskani mara kumi: hati za viwanja, wosia, mikataba iliyolipiwa ushuru wa stempu, viapo, hati za dhamana za benki, vyeti vya watu. Na vitu vya mteja si vyako, ni amana. Vinarudi kwake kwa kusaini.

#10 mzee_wa_Buguruni

Wakili nimekupata. Sasa zile zisizo na kazi tena? Kijana wangu huwa anazipeleka kwa mama wa karanga.

#11 WakiliMsomi_TZ

Mzee wangu, mwambie aache leo. Sisi sote tumeshanunua karanga au maandazi yamefungwa kwenye hati ya mshahara wa mtu, jina, namba ya akaunti, makato ya mkopo, kila kitu. Tunacheka, lakini tangu tarehe 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inafanya kazi, na kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya kuisimamia. Anayekusanya na kuchakata taarifa za watu anatakiwa kujisajili kwenye Tume, na anatakiwa kuzilinda. Udogo wa ofisi siyo kinga. Nunueni mashine ya kuchana karatasi, ile inayokata vipande vidogo, siyo inayotoa utepe mrefu. Utepe mtu mwenye subira anauunganisha.

#12 MwanaPwani_MSA

Salamu kutoka Mombasa ndugu zangu. Kwetu Kenya ni Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Taarifa zikivuja na kukawa na hatari ya kweli kwa wenyewe, una saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data. Saa 72 ni chache mno kama hujui hata ni faili gani zilikuwa kwenye laptopu iliyoibwa. Mimi ni wakala wa forodha, tunashika pasipoti, hati za mzigo, ankara za watu. Ile leja nimeipenda, nitaianza.

Na nyie mnaokodisha mashine kubwa za fotokopi, mashine hizo nyingi zina diski ndani. Kila mnachoskani kinaweza kubaki humo. Marekani kuna kampuni ya bima ya afya, Affinity Health Plan, ililipa zaidi ya dola milioni 1.2 mwaka 2013 baada ya kurudisha mashine za kukodi bila kufuta diski, na ndani mlikuwa na taarifa za wagonjwa. Mkirudisha mashine, ombeni diski ifutwe mbele yenu, au mbaki nayo.

#13 Nesi_Mkuu

Mimi nipo zahanati binafsi, nafuatilia kimya kimya. Tatizo letu ni kompyuta moja mapokezi, paswedi moja, na imebandikwa kwenye skrini. Kila mtu anaingia humo, hadi kijana wa usafi anaangalia mpira. Daktari anasema tukiweka paswedi nyingi kazi itachelewa.

#14 KaraniWaUpanga

Dada Nesi, pole, na kwa kweli hapo ndipo penye moto kuliko skana zote.

Kila mtu awe na jina lake la kuingilia. Sababu kubwa ni kwamba siku jambo likitokea, mjue nani alifungua nini. Paswedi moja ya wote maana yake hakuna aliyefungua. Mapokezi waone ratiba na malipo, wasione majibu ya vipimo. Mhasibu aone malipo tu. Daktari aone vya wagonjwa wake. Windows peke yake inaweza kugawa ruhusa za folda hivyo, huhitaji kununua mfumo wa mamilioni. Mfanyakazi akiacha kazi, akaunti yake ifungwe siku hiyohiyo, kabla hamjaanza kukata keki ya kumuaga.

Daktari anayeogopa kuchelewa mwambieni paswedi ndefu ya maneno manne ya kawaida yasiyohusiana ni rahisi kukumbuka na ngumu kukisia. Ile ya Zahanati@2024 ndiyo ya kwanza mwizi kuijaribu.

Diski yenyewe ifungwe kwa usimbaji (encryption), ili laptopu ikiibwa mwizi apate chuma tu. BitLocker ipo kwenye Windows za Pro. Kwa Home ambayo haina BitLocker kamili, VeraCrypt ni ya bure. Lakini soma hapa taratibu: BitLocker itakupa ufunguo wa dharura wa tarakimu 48. Uchapishe, uweke kwenye sefu au kwa mtu mmoja wa kuaminika nje ya ofisi. Ukiupoteza na kompyuta ikaudai, hakuna fundi wa Kariakoo atakayeufungua, hata akikuambia anaweza.

Msiweke paswedi kwenye kila PDF moja moja. Mwaka wa tatu hakuna anayezikumbuka. Na kama mnataka kutunza kwa muda mrefu kwa mtindo wa PDF/A, ambao umewekwa kwa ajili ya kumbukumbu za miaka mingi, wenyewe haukubali paswedi kabisa. Fungeni nyumba, msifunge kila sufuria.

#15 TajiriMtarajiwa

Sawa, mmenipunguza makali. Sasa bakapu. Mimi nina diski ya nje, imechomekwa kwenye kompyuta muda wote, inanakili yenyewe. Hapo si nimemaliza?

#16 KijanaWaMtandao

Hapo ndipo wengi wanaumia, bro. Kirusi cha kudai fidia kikiingia kinafunga kila kinachoonekana, pamoja na hiyo diski iliyochomekwa. Asubuhi unakuta faili na bakapu vyote vimefungwa, na ujumbe wa kudai pesa. WannaCry mwezi Mei 2017 iliangusha hadi hospitali za Uingereza, na Microsoft walikuwa wameshatoa kiraka chake tangu Machi. Walioumia wengi ni wale wanaobofya "nikumbushe baadaye".

Kuna kanuni ya 3-2-1, iliyoenezwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae nje ya jengo. Kwa ofisi ndogo mimi naifanya hivi: kompyuta ya ofisi, diski mbili za nje zinazopokezana, moja ipo ofisini haijachomekwa, nyingine ipo nyumbani kwa mwenye ofisi. Ijumaa zinabadilishana. Zote zimefungwa kwa usimbaji. Ukiongeza wingu (hifadhi ya mtandaoni), sawa, bando la usiku linatosha kama unapeleka vipya tu, ila wakili atakuambia kuwa sheria yetu ina sehemu nzima juu ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi, na seva nyingi za wingu haziko hapa.

Na jaribuni kurudisha. Chagua faili moja la zamani, lirudishe kutoka kwenye bakapu, lifungue. Ofisi nyingi zina bakapu ambayo hakuna aliyewahi kuifungua.

#17 Dada_Masijala

Naongezea moja kwa wanaotuma nyaraka nje. Ukitaka kuficha namba ya akaunti kwenye PDF, usichore boksi jeusi juu yake. Maandishi yako chini palepale, mtu ananakili na kubandika anayasoma. Mawakili wa Paul Manafort kule Marekani Januari 2019 waliwasilisha mahakamani waraka wa namna hiyo na waandishi wa habari wakausoma wote. Kama huna programu ya kufuta kwa kweli, chapisha, futa kwa kalamu nzito, ishike mbele ya taa uone kama haisomeki, halafu skani upya.

Swali la mwisho kwangu: OCR (ile ya kugeuza picha ya karatasi kuwa maandishi) inasoma Kiswahili? Nataka niandike neno "mirathi" kompyuta iniletee karatasi zote zenye neno hilo.

#18 KijanaWaMtandao

Inasoma. Tesseract, programu huria iliyoanzia HP na baadaye kuendelezwa na Google, ina data ya Kiswahili. Kwenye orodha ya lugha inaitwa swa. Barua zetu nyingi zimechanganya Kiswahili na Kiingereza, kwa hiyo iambie isome lugha zote mbili kwa pamoja. Kama hutaki kuandika amri, NAPS2 ni ya bure, inaendesha skana na ina hiyo OCR ndani yake.

Kwa maandishi yaliyochapwa na karatasi iliyonyooka utafurahi. Kwa mwandiko wa mkono, sahau. Daftari la mjumbe wa nyumba kumi halisomeki na mashine, wakati mwingine halisomeki hata na mjumbe mwenyewe. Hayo weka maneno ya kutafutia kwenye leja kwa mkono.

#19 Nesi_Mkuu

Asanteni sana. Paswedi tumeshaibandua kwenye skrini. Tuna majalada ya tangu zahanati ifunguliwe, vyumba viwili. Tunaanzia wapi? Tukisema tuskani yote hatutatibu mtu.

#20 KaraniWaUpanga

Msiskani yote. Chagueni tarehe, tuseme Jumatatu ijayo. Kila karatasi itakayoingia kuanzia siku hiyo inaingia kwenye mfumo mpya, bila kujali nini kinaendelea kwenye vyumba viwili. La zamani linaskaniwa siku mgonjwa wake anapokuja, kabla halijarudi kabatini. Baada ya mwaka mtaona majalada ambayo hayajaguswa, na hayo ndiyo ya kukaa chini na daktari pamoja na wakili kuamua: yanaendelea kukaa, yanaskaniwa, au muda wake wa kisheria umekwisha na yanachanwa.

Mtakayoyaharibu, yaorodhesheni kwanza: namba, aina, tarehe, nani aliidhinisha. Watu wawili wasaini. Orodha hiyo ndiyo haiharibiwi.

#21 mzee_wa_Buguruni

Karani, kuna jalada la marehemu kaka yangu hapo dukani, mikopo yake na hati ya gari. Nalo niliskani nichane?

#22 WakiliMsomi_TZ

Mzee, hilo msilichane kabisa mpaka mirathi ifungwe. Skani kwa ajili ya usalama, halisi mkabidhi msimamizi wa mirathi kwa maandishi, na nakala ya makabidhiano ubaki nayo. Nitumie ujumbe pembeni kama msimamizi hajateuliwa bado.